Naombeni ushauri: nikiuliza kuhusu imani yetu naambiwa nina roho ya uasi

Binti17
Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Naandika kwa simu ya binamu yangu, Kenya Magharibi. Nimezaliwa katika kanisa lisiloruhusu hospitali, hata panadol ni dhambi. Hatuna redio wala runinga. Nje ya ibada, mahali pekee ninapoenda ni shule.

Niko kidato cha tatu. Kwenye biolojia tumesoma kwamba malaria ni vimelea vinavyoenezwa na mbu jike wa Anofelesi. Nyumbani tunafundishwa ni adhabu ya dhambi iliyofichwa. Mdogo wangu wa miaka minne akishikwa na homa, wazee humpaka mafuta, kisha mama huulizwa mbele ya watu ametenda nini. Niliuliza mbona dhambi zinazidi msimu wa mvua. Nikaamriwa kufunga.

Mungu nampenda na naomba kwa moyo wote, ila hili siliamini tena. Je, nimeasi? Na mama nimwambieje? Tafadhali msiwatukane wazazi wangu.

Mwalimu wa Dini
Binti yangu, hujaasi. Soma Yohana 9. Wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu. Yesu akasema si yeye wala wazazi wake. Na Wakolosai 4:14 Paulo anamwita Luka tabibu mpendwa. Hakumwambia aache kazi.

Mzee Kijana
Msimpotoshe mtoto. Imeandikwa waheshimu baba yako na mama yako.

Nilitoka
Mzee, hata baada ya Shakahola? Mwaka 2023 msitu ule wa Kilifi ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wamekufa kwa kufunga, wakiwemo watoto wengi, na huko pia walianza kwa kukataza shule na hospitali. Sisemi kanisa la huyu dada ni lile.

Dada, nimelelewa kama wewe. Usibishane na wazee hadharani, mama yako atalazimika kuchagua upande mbele yao. Mngoje mkiwa wawili jikoni, uzungumzie hofu yako juu ya mdogo wako, mafundisho uyaache kando. Mama yangu hakuhama kanisa, lakini siku moja alinitilia nauli ya zahanati mkononi, akarudi kupepeta mahindi.

Muuguzi Busia
Mtoto yuko vipi leo? Akitapika kila kitu, akipata degedege au akishindwa kuamka, ni hospitali saa hiyo hiyo. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii. Huku kwetu wanapima malaria kwa tone la damu nyumbani kwa mtu. Ukikwama, mwone mwalimu unayemwamini au piga 116, simu ya watoto, haitozwi.

Binti17
Asanteni sana. Leo anacheza. Mhudumu namjua, ni jirani, ila watu wetu hawamsalimu. Kesho nitampitia nikitoka shule. Nilitoka, mama yako ulimwonyesha mistari?

Nilitoka
Sikumwonyesha mpaka aliponiuliza mwenyewe. Anza na mhudumu.