Yah: 1099-K ya tiketi za Oakland, na huyu tajiri aliyeihamisha timu

Kutoka: Baraka (Hayward)
Jumatatu, 3 Februari 2025

Ndugu zangu wa Bay Area, habari za baridi.

Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kupitia hili. Wengi mnajua tulikuwa watu wanne tunachangia viti vinne vya msimu pale Coliseum, uwanja wa timu yetu ya besiboli, Oakland Athletics. Akaunti ilikuwa kwa jina langu. Mwaka jana kila mechi tuliyoshindwa kwenda tuliweka tiketi kwenye tovuti ya kuuzia, pesa ikaingia kwangu, nami nikawagawia wenzangu kwa Zelle, ile njia ya kutumiana pesa kwa benki. Sasa imekuja 1099-K, fomu ya kodi ya pesa ulizopokea kwa mauzo, ya dola 5,380, yote kwa SSN yangu (namba ya hifadhi ya jamii). Na hiyo ni gross, kabla ya makato ya tovuti yenyewe. Sisi kununua tulilipa zaidi ya hapo! Mechi za Jumanne usiku tuliuza kiti dola saba, wakati tulikinunua zaidi ya ishirini.

Nimepiga simu huduma kwa wateja. Wa kwanza kaniambia kila mmoja wetu ajaze W-9, fomu ya kutoa jina na namba ya kodi, watatoa fomu nyingine. Wa pili kasema fomu haibadilishwi, mwenye akaunti ndiye mwenye pesa. Wa tatu kanipa namba ya kesi na hajanipigia tena. Mwenzetu mmoja ana I-589 (ombi la hifadhi ya ukimbizi) inayosubiri, hataki jina lake liguswe. Mimi mwenyewe N-400 (ombi la uraia) iko ndani, sitaki kwenda mahojiano nikiwa na barua ya kodi nyuma yangu.

Swali: nikifile, nazigawaje pesa za watu wanne zilizo kwenye fomu yenye jina moja?

Na niseme kinachoniuma zaidi. Tusingeuza kiti dola saba kama John Fisher, mwenye timu, asingeivunja timu kwa mikono yake. 2021 tulishinda mechi 86. Msimu ulipoisha akawaachia wachezaji wetu Olson, Chapman, Bassitt, kisha Montas na Murphy, na bei ya tiketi akaipandisha. 2022 tukapoteza mechi 102, 2023 tukapoteza 112. Uwanja ulipobaki mtupu, tukaambiwa Oakland haina mashabiki.

Baraka

---

Kutoka: Mwanaidi (Oakland)

Pole sana kaka Baraka. Siku hizi ukiuza chochote zaidi ya dola 600 wanakutumia, hata kochi lako la zamani. Mimi ilinitokea kwa nguo za watoto. Mtafute mtu wa kodi akujazie Schedule C, fomu ya mapato ya biashara, uandike gharama zote, biashara imeisha.

---

Kutoka: Neema (San Leandro)

Dada Mwanaidi, tusipotoshane kwenye mambo ya kodi. Hiyo 600 imeahirishwa tena na tena. Kwa mwaka 2024 kiwango kilikuwa dola 5,000, ndiyo maana Baraka ameipata. Na asijaze Schedule C, yeye hafanyi biashara ya tiketi. Akijaza hiyo anajitafutia self-employment tax, kodi ya waliojiajiri, bila sababu.

Baraka, tiketi ulizouza kwa hasara ni mali binafsi. Schedule 1 ya mwaka 2024, fomu ya mapato ya ziada, juu kabisa ya ukurasa, ina nafasi ya kuandika kiasi cha 1099-K kilichotokana na vitu binafsi vilivyouzwa kwa hasara. Unaandika pale, haiingii kwenye mapato yako. Lakini kama kuna tiketi mliuza kwa faida, hiyo inakwenda 8949 na Schedule D, fomu za faida ya kuuza mali, na hasara ya Aprili haifuti faida ya Septemba. Kila tiketi inasimama peke yake. Je, za mechi ya mwisho mliziuza?

---

Kutoka: Baraka

Dada Neema, asante. Za mechi ya mwisho, 26 Septemba, viti viwili viliuzwa na wenzetu kwa bei nzuri. Mmoja alikuwa amefiwa na baba yake Moshi na alihitaji nauli. Sina neno naye. Viwili tulikwenda.

Kwa hiyo faida ipo, ni yao wao wawili, na imeandikwa kwangu. Hapo ndipo nilipokwama.

---

Kutoka: Otieno (Las Vegas)

Wadau, niongee kutoka huku. Kila mara mkiandika mnasema "Vegas imetuibia timu". Sisi wakaazi hatukuulizwa. Bunge la Nevada lilipitisha hadi dola milioni 380 za umma za kuijengea timu hii uwanja Juni 2023, kwa kikao maalum. Mke wangu ni mwalimu. Chama chao cha walimu kilipigania suala hilo liende kwa wananchi wapige kura. Mahakama Kuu ya Nevada ikasema karatasi za kukusanyia sahihi hazikuandikwa sawasawa, na Mei 2024 mambo yakaishia hapo. Darasa lake lina watoto wengi kuliko viti. Tajiri ni mtoto wa waanzilishi wa Gap, na bado anajengewa.

Kwa hivyo tuheshimiane. Huyu mtu ametunyanyasa pande zote mbili.

---

Kutoka: Mwanaidi

Hakuna aliyewatukana watu wa Vegas. Lakini timu mmeshaipata, sisi tumebaki na nini? Warriors wa kikapu walivuka daraja kwenda San Francisco 2019, Raiders wa mpira wa Kimarekani wakaja kwenu 2020, na sasa hawa. Mji mmoja umepoteza timu tatu kubwa ndani ya miaka mitano.

---

Kutoka: Otieno

Hatujaipata. 2025 hadi 2027 watacheza West Sacramento, Vegas ni 2028 wakimaliza kujenga. Hoteli ya Tropicana, pale utakapojengwa uwanja, ilibomolewa Oktoba 2024, pakabaki kifusi. Tafadhali tuandike ukweli.

---

Kutoka: Mzee Hamisi (Richmond)
Jumanne, 4 Februari

Wanangu, salaam.

Mimi nimefika hapa mapema miaka ya themanini, wakati timu iko mikononi mwa familia ya Haas, wale wa Levi's. Nataka vijana mjue kwamba tajiri si lazima awe hivi. Haas alilipa wachezaji, alikaa na watu wa mji, na 1989 tukachukua ubingwa. Mwaka ule fainali ilikuwa sisi na San Francisco. Jumanne ya tarehe 17 Oktoba nilikuwa natoka kazini bandarini, redio ya gari imewashwa nisikilize mechi ya tatu, ardhi ikatikisika. Barabara ya ghorofa ya Cypress ililala juu ya magari. Watu 42 walikufa pale. Nilisimamisha gari nikakuta vijana wa West Oakland wamekwishafika na ngazi na kamba za kufungia mizigo, wanapanda kuwatoa watu kabla gari lolote la zimamoto halijaonekana. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya kijani ya Athletics. Alinipa ncha ya kamba akaniambia shika. Nilishika mpaka giza likaingia. Mechi ilirudi baada ya siku kumi, tukashinda zote nne.

Basi mtu akiniambia Oakland haikustahili timu, simwelewi.

Kwetu Simba na Yanga, pamoja na vurugu zao zote, zina wanachama wenye kadi. Mkutano mkuu ukiitishwa, mtu wa Msimbazi au Jangwani anasimama mbele ya kiongozi na kumwambia umeshindwa. Hapa unalipa miaka arobaini na huna hata kiti cha nyuma kwenye mkutano. 16 Novemba 2023 wamiliki wa timu za ligi walikaa wenyewe wakapiga kura ya kuruhusu timu ihame, 30 kwa sifuri. Hata mmoja hakusema hapana.

---

Kutoka: Juma (Fremont)

Shikamoo Mzee Hamisi. Kwa heshima zote, Simba ya leo ina mwekezaji mwenye 49, na hao wanachama wenye 51 wameshasahau mara ya mwisho kumwambia mtu umeshindwa. Yanga ndiyo tuseme bado ina wenyewe.

---

Kutoka: Mzee Hamisi

Marahaba. Asilimia 51 ni 51. Niambie shabiki wa Oakland alikuwa na ngapi.

---

Kutoka: Neema

Naomba tusiingie Simba na Yanga, tutamaliza mwezi.

Watu wengi hapa hawajui hii biashara inavyokwenda ndiyo maana wanadhani Fisher alikuwa anapata hasara. Kila timu ya MLB, ligi kuu ya besiboli, inatoa asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani, zinawekwa chungu kimoja, zinagawanywa sawasawa kwa timu zote 30. Pesa za televisheni ya taifa nazo zinagawanywa sawa. Kwa hiyo timu inayojaza watu elfu nne inalipwa na jasho la timu zinazojaza elfu arobaini. Kwenye soka tulilolizoea, timu ikiboronga hivi inashuka daraja na tajiri analia pamoja na shabiki. Huku haishuki. Unaweza kupoteza mechi 112 na kesho yake thamani ya timu imepanda.

Angalieni alivyoamka Desemba. Amempa mchezaji Severino dola milioni 67 kwa miaka mitatu, mkataba mkubwa kuliko wowote katika historia ya timu mpaka wakati huo. Mwezi uliopita Rooker naye kapewa 60. Miaka yote tuliambiwa hakuna pesa, leo wametoka Oakland zimepatikana. Sheria za ligi zinataka anayepokea mgao azitumie kwa wachezaji, na chama cha wachezaji kilikuwa kinamtazama.

---

Kutoka: Mwanaidi

Hapo dada Neema umenena. Mimi nilikuwepo 13 Juni 2023, siku tuliyokubaliana kujaa makusudi. Watu 27,759, siku ya kazi, timu ya mwisho kwenye ligi. Tulivaa fulana za kijani zimeandikwa SELL, yaani uza. Zamu ya tano mpigaji wa kwanza alipoingia uwanja mzima ulinyamaza, hata ngoma za upande wa kulia zikakaa kimya, halafu kwa pamoja tukaanza kumwambia Fisher auze timu. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amesimama juu ya kiti, sauti imemkauka, na tukawafunga Tampa Bay waliokuwa wanaongoza ligi, 2-1. Usiku huohuo kule Nevada maseneta walipitisha zile pesa za Otieno.

---

Kutoka: Otieno

Si pesa zangu dada.

---

Kutoka: Furaha (Sacramento)
Jumatano, 5 Februari

Bandugu, mimi nasoma tu siku zote siandikagi. Nafanya usafi katika jengo karibu na Sutter Health Park, naona mafundi wanavyojenga vyumba vya wachezaji. Ni uwanja mdogo, wa watu 14,000 hivi, ulijengwa kwa ajili ya River Cats, timu ya ligi ndogo. Julai huku joto linapita 38 na hakuna upepo wa bahari kama wenu. Walitaka kuweka majani ya plastiki, wachezaji wakakataa, wameacha ya kweli. Na timu haitaitwa Sacramento. Watajiita Athletics, basi. Watu wa hapa wanauliza kwa nini watoe pesa kwa mtu asiyetaka hata kutaja mji wao.

Sitaandika zaidi. Mama yangu na wadogo zangu wako Goma, tangu mji uchukuliwe Januari simu inashika mara moja moja. Jana nilisikia sauti yake kidogo halafu ikakatika. Muniombee.

---

Kutoka: Mzee Hamisi

Pole mwanangu Furaha. Tunakuombea wewe na mama. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kutuma pesa kwa njia inayofika, niandikie pembeni, nina jamaa Gisenyi.

---

Kutoka: Juma

Pole sana dada. Na tuseme wazi, hili la Goma serikali zetu za Afrika Mashariki zimekaa kimya mno. Wanakwenda kwenye vikao kupiga picha.

---

Kutoka: Msimamizi wa orodha

Ndugu, suala la Goma ni zito na linastahili nafasi yake. Nimefungua uzi mwingine, tafadhali hamieni huko. Hapa tubaki kwenye kodi na tiketi.

---

Kutoka: Baraka

Furaha, pole. Nimekupigia, ukipata nafasi pokea.

Nataka kuwajibu waliouliza kwa nini tuliendelea kulipa mpaka mwisho. Siku ile ya 26 Septemba walikuja watu 46,889. Rickey Henderson na Dave Stewart, wote watoto wa Oakland, ndio walirusha mipira ya ufunguzi. Tulimfunga Texas 3-2. Mechi ilipoisha hakuna aliyetaka kutoka. Wafanyakazi wa uwanja walichota udongo wa uwanjani wakawapa watu walioegemea ukuta, kwenye vikombe vya bia, kwenye mifuko ya karanga. Mzee mmoja mlinzi, ambaye kila mechi alikuwa anatusalimia kwenye daraja la treni ya BART, alikuwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili na wenzake wamemzunguka. Yule hana Las Vegas ya kwenda. Miezi mitatu baadaye Rickey akafariki, na uwanja wenye jina lake hauna timu. Barua ya Fisher ilisema walijaribu. Nilitaka awepo pale aone nyuso za watu, na hakuja.

Ndiyo sababu Sacramento siendi. Ni saa moja na nusu tu kwa gari na siendi.

---

Kutoka: Mwanaidi

Kaka, njoo Raimondi Park uone Ballers. Timu ya besiboli ya wananchi, ligi ndogo ya Pioneer, mashabiki wamenunua hisa humo. Ni West Oakland palepale alipokuwa Mzee Hamisi na kamba yake. Msimu unaanza Mei.

Na kura ya meya wa Oakland ni Aprili hii ya 2025. Barbara Lee, aliyekuwa mbunge wa huku, anagombea. 2023 alipeleka muswada bungeni kwamba mwenye timu akihama afidie mji la sivyo MLB wapoteze ile kinga yao dhidi ya sheria za ushindani, waliyopewa na mahakama tangu 1922. Haukupita, ila alijaribu.

---

Kutoka: Juma

Meya wa mwisho wa Oakland aliondolewa kwa kura Novemba, sasa mnataka meya atakayewarudishia nini? Nyumba kwanza. Kodi ya nyumba yangu Fremont imepanda tena.

---

Kutoka: Neema

Baraka, tafuta EA, mtaalamu wa kodi mwenye leseni, si wale wa kukodi meza msimu wa kodi. Kuna utaratibu wa nominee, yaani aliyepokea pesa kwa niaba ya wengine, kwa fomu ya watu wengi, ila mimi sijaufanya kwa 1099-K, nisikudanganye. Hifadhi zile Zelle zote, chapisha na barua pepe za ununuzi. Na 15 Aprili isikupite ukiwa unasubiri tovuti ikupigie.

---

Kutoka: Salma (Antioch)
Alhamisi, 6 Februari

Samahanini, nimeona mnaongelea 1099-K. Yangu imekuja ya kuendesha abiria kwa programu, lakini gari ni la shemeji na bima iko kwa jina la mume wangu. Mileage, yaani maili za kazi, naandika mimi au yeye? Naomba anayejua anijibu mapema, miadi ya kufile ni Jumamosi.