Nifungue duka mwezi ukiwaje?

mpemba_mdogo: Wakuu bibi ananikataza kufungua duka mwezi ukiwa unapungua, anasema nisubiri uandame, kwanini?

kijana wa Tanga: Yupo sahihi. Mwezi unazunguka siku 29 na nusu hivi, toka mwandamo mpaka unapevuka tarehe 14 au 15 ya mwezi mwandamo unakua, ndo wanafalaki (wasoma nyota) wanafanya mambo ya kuongeza, biashara, riziki, mapenzi. Ukipungua ni ya kuondoa, maradhi, husda.

Mwana_Lamu: Na nge je? Mwezi ukiwa kwenye buruji ya nge (kundi la nyota liitwalo nge), siku mbili na kitu kila mwezi, wazee wetu hawaozeshi wala hawasafiri hata kama mwezi bado mchanga, mimi hili nalishika sana.

mpemba_mdogo: Ahsanteni, ntamuuliza bibi nge inaingia lini