Vifaranga wanakamilika lakini wanafia ndani ya ganda

Mfugaji Ipuli:
Habari wakuu. Mashine ya kutotolesha iko Tabora mjini, ina feni na trei zinageuka zenyewe. Joto 37.7, unyevu 40 hadi 45. Mayai ni ya kienyeji, yanatoka Sikonge kwa bodaboda. Nikipima kwa tochi siku ya 7 mengi yana mishipa, na siku ya 18 bado wanacheza. Balaa linaanza hapo: karibu nusu wanafia ndani wakiwa wamekamilika, wengine wanatoboa ganda halafu wanaishia hapo hapo, utando umekauka kama karatasi. Siku tatu za mwisho naongeza ndoo ya maji na kuziba matundu ya hewa ili unyevu usitoke. Je, nipandishe joto?

Mtetea Mweusi:
Usiguse joto, mkuu. Zibua matundu leo hii. Kuanzia siku ya 18 kifaranga anahitaji hewa kuliko wakati mwingine wowote. Anatoboa utando wa ndani, anaanza kuvuta pumzi ya mapafu kwenye nafasi ya hewa iliyo upande butu wa yai, na hewa ile ni kidogo mno. Asipopata safi kupitia ganda anachoka kabla hajalivunja. Hao waliofia ndani wakiwa wazima kabisa, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kukosa hewa.

Unyevu unaletwa na upana wa maji, kina hakisaidii. Ondoa ndoo, weka sinia pana lenye maji ya vuguvugu na usimamishe humo kitambaa cha pamba kinachonyonya. Ifikapo siku ya 18 unyevu uwe 65 hadi 70, matundu yakiwa wazi.

Halafu acha kufungua mlango kuchungulia. Ukifungua, unyevu wote unatoka, na utando wa aliyekwisha kutoboa unamkaukia mwilini hata asiweze kujigeuza. Waliotoka wakae humo humo hadi manyoya yakauke. Wanaweza kumaliza saa 24 bila chakula, maana kiini cha njano wamekivuta tumboni.

Kibirizi Kuku:
Naongezea jambo moja kutoka Kigoma. Huku ziwani shida yetu mara nyingi ni kinyume: unyevu unazidi, yai halipungui maji, kifaranga anavimba na kufa akiwa ameloa. Kwa hiyo usiige namba ya mtu wa mji mwingine, tumia mizani. Pima mayai 10 kwa pamoja siku ya kwanza, uyapime tena siku ya 18. Yanatakiwa kupungua kwa asilimia 12 hadi 14. Yakianza na gramu 450, yawe kama 390. Yakifika 370 yamekauka mno, na kiangazi cha Tabora kinaweza kufanya hivyo kirahisi. Yakibaki 420, punguza maji.

Na haigromita (kipima unyevu) yenyewe uihakiki. Chumvi vijiko viwili kwenye kifuniko cha chupa, matone ya maji hadi iwe tope (isiyeyuke yote), weka pamoja na haigromita ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, acha saa 12. Isome 75. Ikisoma 65, ujue inakupunja 10.

Mfugaji Ipuli:
Asanteni sana. Nimevunja mayai viza manne. Wawili vichwa vimeelekea ncha nyembamba, mbali na nafasi ya hewa. Hiyo nayo ni unyevu?

Mtetea Mweusi:
Hapana, hayo huenda yalipangwa ncha nyembamba juu. Mayai ya kienyeji mengine ni mviringo kiasi kwamba macho hayatofautishi pande. Mulika tochi kabla ya kupanga, upande wenye hewa ndio ukae juu. Na kwa kuwa yanakuja na bodaboda, yapumzishe upande butu juu kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kuyaingiza. Mtikisiko wa barabara huwa unang'oa ile nafasi ya hewa. Ukimulika utaiona ikihama kama povu, na yai la namna hiyo hutotoa kwa shida. Siku ya 18 zima kigeuzi, yalaze.

Kibirizi Kuku:
Yenye umri wa zaidi ya siku 7 tangu kutagwa usiyachanganye na mapya, yanachelewa kutotoa na yatakufanya ufungue mlango ovyo.

Mfugaji Ipuli:
Nimeelewa. Umeme ukikatika je?

Kibirizi Kuku:
Funika mashine kwa blanketi, ila acha matundu wazi, na usifungue. Saa mbili tatu za kupoa yanavumilia, pengine watachelewa kutoka tu. Hatari kubwa ni joto kupanda: likikaa juu ya 39.5 wanakufa. Umeme ukirudi, angalia themomita iliyo usawa wa mayai, usitegemee ile ya mlangoni.