Jirani kaniambia mimi ni "vata" ndiyo maana gemu za usiku zinanimaliza. Kuna ukweli hapa?

Kipa wa Upanga (mtoa mada)

Habari zenu wakuu. Naomba kujuzwa jambo, na msinicheke.

Nina miaka 33, naandika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, naishi Upanga. Saa tatu usiku mtoto akishalala nawasha PlayStation 4 yangu ya mtumba, nacheza mpira na watu nisiowajua mtandaoni. Najiambia mechi mbili tu. Nikifungwa siwezi kwenda kulala nimefungwa, nikishinda naona nyota imewaka, niendelee. Kuna siku nimestuliwa na adhana ya alfajiri pedi ikiwa mkononi.

Sasa macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Gumba la kulia linauma hadi kugeuza ufunguo ni kazi. Mikono baridi, choo kigumu, tumbo gesi tupu. Na nikilala, akili inaendelea kupiga pasi.

Ghorofa ya chini kuna mama wa Kigujarati, mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake kinanizidi. Juzi alinisimamisha kwenye ngazi, akanishika vidole, akauliza nakula saa ngapi na naota nini. Nikamwambia mara nyingi naota napaa. Akacheka, akahukumu: "Wewe vata, baba. Upepo mtupu." Akasema mume wake ni pitta, akifungwa karata nyumba haikaliki, na kijana wao ni kapha, akikaa na kompyuta kochi linabaki na umbo lake. Dawa aliyonipa: gemu mwisho saa nne, chakula cha moto kabla ya kucheza, mafuta ya ufuta kwenye nyayo wakati wa kulala.

Mke wangu amelipokea agizo hili kwa furaha ambayo mimi inanitia mashaka.

Wanaojua hii ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Wahindi, ni elimu au ni maneno ya ngazini? Nawasilisha.

Aliyepita Pune

Mkuu, mimi nilisomea kompyuta Pune, India, siyo tiba, ila chumba cha pili walikaa vijana wa BAMS, yaani shahada ya ayurveda. Kule ni miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo, kwa hiyo maneno ya ngazini siyo. Usiku umeme ukikatika walitupima sote mapigo ya mkono kwa vidole vitatu na kutugawa makundi, na mimi nikaangukia pitta.

Wanavyosema wao, kila mtu ana nguvu tatu. Vata ni upepo na uwazi, pitta ni moto na maji, kapha ni udongo na maji. Unazaliwa na mchanganyiko wako, wanauita prakriti. Halafu kuna hali uliyonayo leo, vikriti. Watu wengi hawatenganishi hayo mawili. Huenda mama wa chini hakukuambia umezaliwa vata, alikuambia vata yako imechafuka. Ukavu, ubaridi, gesi, choo kigumu, usingizi wa kukatika: umeandika orodha yao yote bila kujua.

Kanuni yao ni kwamba kinachofanana huongeza, kinyume chake hupunguza. Gemu lenyewe ni jepesi, la kasi, halitulii. Ongeza feni usoni, soda ya baridi na krispi kavu, basi umemwaga upepo juu ya upepo. Ndiyo sababu umepewa vya moto na vya mafuta.

Na ile saa nne haikutoka hewani. Kwao saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku ni muda wa kapha, mwili mzito, usingizi unakuja wenyewe. Ukiupita, unaingia muda wa pitta hadi saa nane, unachangamka upya na njaa inakushika. Sema ukweli, chipsi za saa sita usiku unazijua.

Sisi pitta shida yetu ni nyingine. Mimi nikifungwa dakika ya 90 nilikuwa naona giza. Pedi moja niliibamiza ukutani, ikabidi nichange miezi miwili. Wale vijana wakaniambia nikifungwa mara mbili mfululizo nizime, nikanawe uso. Kapha wao walikuwa wanaamriwa wasimame kila baada ya mechi, wasikae tena mpaka nyingine ianze.

Fundi wa Viungo

Mimi ni mfiziotherapia, niko Dodoma. Vata siiamini na sitajifanya naijua. Ila yule mama kakuambia ulale, na hapo simpingi.

Macho: ukikodolea kioo unapepesa mara chache kuliko kawaida, macho yanakauka. Kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Na feni isikupige usoni.

Gumba ndilo linanisumbua zaidi. Likunje ndani ya ngumi, kisha pindisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukiruka kwa maumivu upande wa gumba, inaelekea kano zimevimba. Pumzisha pedi wiki mbili. Lisipotulia nenda hospitali, mafuta ya ufuta hayafiki huko.

Kuhusu uraibu: Shirika la Afya Duniani limeweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika 2022. Wanaangalia kama umeshindwa kujizuia, gemu limepita mambo mengine yote, na unaendelea ingawa linakuharibia, kwa kawaida kwa miezi 12. Mkuu, kazini umeshachelewa mara ngapi? Jijibu mwenyewe.

Ombi moja tu, usimeze unga wowote wa kununua kiholela. Mwaka 2004 watafiti Marekani walipima bidhaa 70 za ayurveda kutoka maduka ya eneo la Boston, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki.

Mwana wa Kale

Nyinyi mwashangaa Uhindi, na bibi yangu hapa Mombasa atwambia hayo kila siku. Yeye hesabu yake ni nne: damu, balghamu, safura na sauda, tiba ya akina Ibn Sina, yule tabibu wa kale. Hazilingani na za Wahindi moja kwa moja, lakini huyo pitta na safura ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. (Safura ya nyongo, si ile ya minyoo.) Bibi akiniona na simu usiku huniambia mizaji yangu imeharibika, kisha huniletea tangawizi. Gemu zenyewe hazijui.

Kipa wa Upanga (mtoa mada)

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudisha mrejesho.

Fundi, lile zoezi la gumba nililifanya jikoni nikaruka kama kuku. Nikaweka pedi kabatini siku 14. Siku nne za kwanza sitaki kuzizungumzia. Sasa naweza kugeuza ufunguo, ila gumba bado si zima, Jumatatu naenda kuonana na daktari.

Kuchelewa kazini: mara tano mwezi ule. Nilipoziandika nilinyamaza.

Nimerudi kucheza siku nne kwa wiki, saa mbili na nusu hadi saa nne, mtoto ananitazama. Nimeshuka madaraja mawili. Choo kimelainika, sijui ni mafuta, ni ugali wa moto au ni kulala. Mafuta nayo yana ajali zake, usiku wa kwanza niliamka kwenda msalani na nyayo zinateleza kwenye vigae, nikaangukia ndoo. Sasa nalala na soksi.

Na lile shaka langu. Nilimuuliza mama wa chini kama aliongea na mke wangu kabla ya ile siku ya ngazini. Akasema hapana, hajaongea naye, wamekunywa chai tu. Mara tatu.