Sindano za dashibodi zinalala zote nikipita tuta, fundi anasema ninunue kontrolboksi (kompyuta ya gari)

Baba Mapacha: Wakuu, habari za jioni. Nina kigari cha Kijapani cha 2010. Wiki ya tatu sasa, nikigonga tuta au shimo taa ya ABS (ya breki) na ya injini zinawaka pamoja, sindano zote zinalala, usukani unakuwa mzito kama wa trekta. Sekunde chache, mambo yanarudi. Mashine ya kupimia imesoma kodi za hitilafu U0100 na U0121. Fundi anasema kontrolboksi imekufa, niandae laki sita. Naombeni ushauri kabla sijauza mbuzi.

Spana 14: Laki sita? Fundi wako anajenga.

Mzee wa Multimita: Usitoe hata shilingi, mkuu. Kontrolboksi iliyokufa haifufuki baada ya tuta. Kodi zinazoanza na U hazisemi nani kafa, zinasema nani hasikiki kwa wenzake. Injini, ABS, usukani na dashibodi vinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa, CAN-H na CAN-L, na kila mwisho wa njia hiyo pana resista (kizuizi cha umeme) ya omu 120.

Chomoa terminali hasi ya betri, subiri dakika tano, pima omu kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya OBD, ile inayochomekwa mashine ya kupimia. Ikisoma karibu 60, yaani resista zote mbili zinasomeka kwa pamoja, njia ni nzima. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Ila ugonjwa wako unakuja na kuondoka, kwa hiyo usipime mara moja ukaridhika. Mtu atikise nyaya chini ya dashibodi, wewe kodolea namba.

Na useme ukweli, karibuni ulifungiwa nini? Redio? Alamu?

Baba Mapacha: Kifaa cha kufuatilia gari, mwezi uliopita. Wala sikukifikiria.

Spana 14: Mchawi kapatikana.

Baba Mapacha: Mrejesho, wakuu. Ilisoma 61, dogo alipotikisa nyaya nyuma ya dashibodi ikaruka 120. Tukakuta waya mmoja wa CAN umechunwa, umeunganishwa kwa kupindwa na vidole, juu selotepu. Shaba imebaki nyuzi mbili tatu. Nimekata, nimelehemu, nimepita matuta yote ya mtaani, kimya.

Mzee wa Multimita: Safi. Ulizisokota tena zile nyaya mbili? Zikikaa mbalimbali zinanasa kelele za umeme wa plagi.

Baba Mapacha: Duh. Kesho nafungua tena.