Fuso Fighter mshale wa temprecha haupandi, uko chini safari nzima

mbao_mafinga
Wakuu habari za jioni. Nina Fuso Fighter injini 6D17 nimeinunua kwa mtu mwezi wa tatu, napandisha saruji kutoka Dar mpaka Mafinga nikirudi nabeba mbao. Shida yangu ni mshale wa temprecha, unakaa chini kabisa karibu na C, natoka Mbagala asubuhi nafika Chalinze bado uko pale pale. Nikianza kupanda Kitonga na mzigo unapanda kidogo haufiki hata katikati, nikimaliza mlima nikishika tambarare unarudi chini tena. Asubuhi Mafinga kwenye baridi ndo kabisa, moshi mweupe unatoka mwingi na injini inakuwa nzito. Halafu mafuta naona inakula, kwenda na kurudi imezidi kama lita 30 kulinganisha na Fuso niliyokuwa naendesha mwanzo, njia ni ile ile na mzigo ule ule. Fundi umeme ameniambia geji imekufa nibadilishe dashibodi nzima, hela anayotaka ni kubwa. Kabla sijatoa hela naomba ushauri, nini kinafanya hivi?

Kiluvya kwa Komba
Mkuu mbona hilo ni jambo la kushukuru, wenzako wanalala Kitonga gari zimechemsha wewe yako ya baridi. Endesha tu.

fundi dizeli Tandika
Kaka hapo juu usimdanganye mwenzio. Injini ya dizeli inataka joto lake, nyuzi 80 mpaka 95 hivi ndo inafanya kazi vizuri. Ikikaa baridi muda wote dizeli haiungui yote, inateremka kwenye kuta za silinda inaosha oili, inaingia kwenye sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), oili inakuwa nyepesi, ringi na silinda zinaisha kabla ya wakati. Huo moshi mweupe na hizo lita 30 ndo dalili zenyewe.

Sasa mbao_mafinga, usinunue dashibodi. Cha kwanza ujue ni injini kweli iko baridi au geji inadanganya, ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wanavichanganya kila siku. Asubuhi injini ikiwa imelala usiku mzima, inua kichwa cha gari (kabini), iwashe, shika mpira wa juu wa rejeta (angalia feni, usivae shati la mikono mirefu inayoning'inia). Themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikiwa nzima huo mpira unabaki baridi dakika kadhaa, halafu unapata moto kwa ghafla pale inapofunguka. Ukiona umeanza kuwa vuguvugu taratibu tangu mwanzo, themostati imekwama wazi au haipo. Ukiwa na kibastola cha kupimia joto ni bora zaidi, ila siyo kile cha paji la uso cha wakati wa corona, kile kinaishia nyuzi 40 na kitu, azima kwa mafundi friji. Piga pale kwenye nyumba ya themostati baada ya kuendesha nusu saa.

Ukikuta pale pana 80 na kitu na mshale uko C, basi hapo ndo uhamie kwenye umeme. Sensa za zamani zenye waya mmoja, chomoa waya wa geji uguse kwenye chuma cha injini swichi ikiwa on, mshale ukipanda kwenda H geji na waya ni vizima, mbovu ni sensa. Ukiona unaanza kupanda toa hapo hapo usiache muda mrefu. Gari mpya zenye kompyuta usifanye hivyo, pima kwa mashine. Waya ukikatika njiani geji inasoma baridi, haisomi moto, ndo maana fundi wako amekimbilia dashibodi.

Ila kwa maelezo yako ya kupanda mlimani na kushuka tambarare geji inaonekana inafanya kazi. Mimi naisema themostati.

dereva_tunduma
Naongezea moja na hili nalisema kwa uchungu. Kabla ya yote angalia maji kwenye rejeta, injini ikiwa imepoa. Maji yakipungua sensa inabaki kwenye hewa inasoma chini wakati injini inaungua. Mwenzangu alikuwa mbele yangu karibu na Mikumi, mpira wa chini umepasuka, yeye anaangalia mshale uko chini anasema mambo safi, tulipomsimamisha kwa taa silinda hedi ilikuwa imeshapinda.

Na kwa hiyo baridi ya Mafinga najua kuna watu wanaweka boksi mbele ya rejeta, mimi nimefanya sana Makambako. Siyo dawa. Siku ukisahau kulitoa ukashika mlima unalia.

fundi dizeli Tandika
Kweli kabisa dereva. Na feni pia iangaliwe, klachi ya feni ikikamata moja kwa moja inapuliza muda wote hata asubuhi.

mbao_mafinga
Wakuu nimerudi na majibu. Maji yalikuwa full. Mpira wa juu ulianza kuwa vuguvugu dakika ya pili tu. Jana nikafungua nyumba ya themostati pale uwani, bolti zilikuwa na silikoni nyekundu mpaka nje, kufungua ndani HAKUNA KITU. Kuna duara tu safi pale ilipotakiwa ikae. Mtu aliyeniuzia nimempigia anasema fundi wake aliitoa mwaka jana kwa sababu "huku kwetu joto, haihitajiki". Sasa naogopa, nikiirudisha Kitonga haitachemsha?

fundi dizeli Tandika
Hiyo ya "huku joto haihitajiki" imeua injini nyingi sana mjini hapa. Themostati ikishafunguka yote maji yanapita kwenye rejeta kama kawaida, haikuzuii kupoa. Tena kwenye injini nyingi ikifunguka inaziba ile njia ya mkato ya maji, ukiitoa njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani na mzigo unaweza kuchemsha kwa sababu ya KUITOA. Kama ilitolewa kwa sababu gari ilikuwa inachemsha basi chanzo kiko kwingine, kagua rejeta kama imeziba na wota pampu.

Nenda Gerezani kwenye maduka ya spea na namba ya injini. Soma nyuzi zilizopigwa chapa kwenye chuma, kuna 76.5, kuna 82, kuna 88, chukua ya injini yako usichukue ya kufanana. Injini nyingine zina mbili, hesabu nafasi. Ijaribu kwenye sufuria kabla ya kufunga. Ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu, hapo ndo hewa inatokea.

mbao_mafinga
Nimeichemsha kwenye jiko la mkaa, nimeifunga kwa uzi ining'inie isiguse chini ya sufuria. Maji yalianza kutoa vipovu vidogo pembeni ikawa bado imefunga, nikafikiri ni mbovu, baadae kidogo ikaanza kufunguka yenyewe pole pole mpaka uzi ukateleza. Nilipoitoa kwenye maji ikajifunga. Nimefunga na gasketi mpya, nimejaza kulanti taratibu injini ikiwa inazunguka mpaka vipovu vikaisha. Leo nimekwenda Mlandizi na kurudi, mshale umepanda umesimama chini kidogo ya nusu na haujacheza. Jumatano napakia saruji. Fundi, oili niibadilishe kabla au niendeshe hii hii?

fundi dizeli Tandika
Badilisha na filta yake kabla ya Jumatano. Chomoa stiki kwanza uinuse, ikinuka dizeli usiiwashe tena hiyo gari mpaka umwage.