Chupa ya mstafeli na kinyama cha hospitali: tumpeleke wapi baba?

Mwana wa Kangagani:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba nieleze hali ya mzee wangu kwa urefu kidogo, kwa sababu maradhi haya ya tezi dume nimeona yakiulizwa kwa mstari mmoja na kujibiwa kwa mstari mmoja, na sidhani kama yanastahili hivyo.

Baba ana umri wa miaka 71. Mwaka jana alianza kuamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, akawa anasimama chooni muda mrefu, mkono mmoja ameuegemeza ukutani, akingoja mkojo utoke matone matone. Yeye hakutwambia, aliyetwambia ni mama, baada ya kuliona kopo lililofichwa uvunguni. Katika mwezi wa Ramadhani mkojo ukaziba kabisa, tukamkimbiza hospitali, akawekewa mpira wa kutolea mkojo. Siku ya pili wakampima damu, na PSA, kipimo cha tezi dume, ikatoka 38. Daktari alipompima kwa kidole (jambo ambalo baba hadi leo hataki litajwe mbele yake) alisema upande mmoja wa tezi dume umekuwa mgumu kama kokwa, na akataka achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupimwa. Mgongo nao unamuuma, lakini mtu aliyepanda mikarafuu kwa miaka hamsini asiumwe mgongo ni nani?

Hapo ndipo ukoo ulipogawika. Ami alikuja na chupa ya lita moja na nusu, maji yake mekundu mazito kama maji ya magome ya mkandaa, ambamo yamechemshwa majani ya mstafeli, habasoda, na mizizi mitatu ambayo tabibu hakuitaja. Chupa moja ni shilingi 60,000 na dozi ni chupa saba. Ami anatupa mfano wa mzee mmoja wa Mkoani aliyeambiwa ana saratani, akanywa dawa hii hii, na huu ni mwaka wa nane anakwenda msikitini alfajiri kwa miguu yake. Tabibu naye alisema maneno mawili yaliyomkaa baba moyoni: kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa, na kwamba mstafeli una nguvu mara 10,000 kuliko dawa za hospitali. Baba amekwisha kunywa chupa mbili na anasema mkojo umefunguka, ingawa tangu mpira ulipotolewa anameza pia vidonge vya hospitali, tamsulosini kila usiku.

Mimi si mpinzani wa miti shamba. Nimelelewa kwa hiyo. Ninachotaka ni kujua namna ya kuzipima kauli za tabibu na za daktari kwa mizani moja.

Mstaafu wa Maabara:

Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, Mwenyezi Mungu amjaalie mzee wetu afya. Kwa kuwa umetaka mizani moja, nitaanza na upande nilioutumikia mimi mwenyewe.

Hiyo 38 isikutisheni peke yake. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au mgonjwa, na kiwango chake katika damu hupanda kwa kuvimba kwa kawaida kwa uzee, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mkojo kuziba, na hata kwa kule kuingizwa mpira. Kupima siku ya pili baada ya mambo yote hayo ni sawa na kupima joto la mtu aliyetoka kukimbia juani. Kwa miaka mingi nanogramu 4 kwa mililita imechukuliwa kuwa mpaka, lakini wapo wenye saratani chini ya mpaka huo na wapo wazima walio juu yake. Ningependa kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hivi. Lakini ule ugumu alioushika daktari haukuletwa na mpira. Uvimbe wa uzee kwa kawaida huifanya tezi iwe kubwa na laini kidogo. Sehemu ngumu ya upande mmoja inataka kutazamwa kwa darubini, na hilo halifanyiki bila kinyama.

Ama kauli ya kwamba chuma husambaza saratani, nadhani imezaliwa na macho ya watu: wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamechelewa, hupasuliwa, hufariki, na lawama huangukia kisu. Kwa kinyama cha tezi dume, seli kusambaa kwa njia ya sindano ni jambo nadra mno. Hatari za kweli ni maambukizi na kutokwa damu, na hizo ndizo za kumuuliza daktari: atapewa dawa gani ya kuzuia maambukizi, na aache nini kabla ya siku hiyo. Aspirini ni mojawapo, na thomu ikinywewa kama dawa, kwa wingi, nayo itajwe.

Kuhusu mara 10,000. Nambari hiyo haikuzuliwa, ila imesafirishwa mbali na kwao. Ilitoka katika jaribio la maabara la miaka ya 1990, ambapo kemikali moja iliyotolewa katika mbegu za stafeli iliwekwa juu ya seli za saratani ya utumbo mpana ndani ya kisahani na kulinganishwa na dawa moja tu ya hospitali. Hapakuwa na tezi dume, hapakuwa na mgonjwa, na hapakuwa na chai ya majani. Ndani ya kisahani hata jiki huua seli za saratani, na nguvu zake si haba. Tena katika kisiwa cha Guadeloupe madaktari waliripoti mwaka 1999 kwamba waliokuwa na mazoea ya kula matunda ya jamii ya stafeli na kunywa chai ya majani yake walionekana zaidi miongoni mwa wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili kunakofanana na ugonjwa wa Parkinson. Sisemi mtu asile stafeli lake. Nasema dozi ya chupa saba si jambo dogo.

Tabibu wa Wete:

Assalamu alaykum. Dawa za miti shamba ni kazi yangu, niliyorithi kwa babu, na nimesoma maneno ya mzee wa maabara bila ya kukasirika. Ningeomba na yangu yasomwe hivyo.

Wenzetu wanaotaja mara 10,000 wanatuaibisha, na hapo sina utetezi. Lakini msiseme miti haina kitu. Uko mti wa milima ya Bara, kwa wataalamu *Prunus africana*, ambao gome lake linauzwa Ulaya tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya kupunguza adha ya mkojo kwa wenye tezi iliyovimba, na umechunwa kwa wingi hata mwaka 1995 biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa. Dosetakseli, dawa ya sindano inayotumika kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa, asili yake ni majani ya mti wa Ulaya. Na hospitali nazo hubadilisha kauli. Mwaka 2012 jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga lilisema wanaume wasipimwe PSA kwa ajili ya kutafuta saratani wakiwa hawana dalili. Mwaka 2018 likasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe pamoja na madaktari wao. Wako waliopasuliwa saratani ambayo pengine isingewaua, wakabaki wanavuja mkojo na wameshindwa kazi ya ndoa. Hayo nayo yatiwe kwenye mizani.

Mimi mgonjwa wa tezi simpokei mpaka nione cheti cha hospitali. Gome nililolitaja linatuliza mkojo wa uvimbe. Sijawahi kumwambia mtu kwamba linaondoa saratani. Na ile mizizi isiyotajwa ni ada yetu ya zamani, kwamba siri ya mkoba haitolewi, lakini kwa mtu anayemeza vidonge vya daktari ada hiyo mimi nimeiacha.

Bint wa Mkoani:

Kaka yangu, huyo mzee anayetolewa mfano nadhani ninamjua, kwa hiyo simtaji kwa jina wala kwa mtaa. Ni kweli alikunywa chupa saba, na ni kweli anakwenda alfajiri msikitini. Marehemu baba yangu alikunywa kutoka kwa tabibu huyo huyo, mwaka huo huo, kwa sababu ya mfano huo huo.

Tofauti yao nimekuja kuijua baadaye, mwana wa mzee huyo aliponionesha karatasi ya vipimo. Kinyama cha mzee yule kilitoka Gleason 6. Cha baba kilitoka 9. Kipimo hicho huanzia 6 hadi 10 na hueleza jinsi seli zilivyoharibika sura. Ya 6 hutambaa, mara nyingi haimuui mwenyewe, na ya 9 hukimbia. Sisi hatukujua hata kwamba kuna nambari. Tulijua neno moja tu, saratani, na tukadhani wazee wawili wanaumwa kitu kimoja.

Niseme na jingine, kwa sababu lawama zote zinaangukia kwa tabibu. Hospitali tuliyokwenda kwanza, daktari alimpa baba majibu akiwa amesimama mlangoni, kwa sentensi moja, watu kwenye benchi wakisikia. Tabibu alimkalisha barazani saa mbili, akampa kahawa, akamuuliza analala vipi. Baba hakuchagua mti dhidi ya sindano. Alimchagua aliyemtazama usoni.

Akaanza kuumwa mgongo. Tulimkanda kwa mafuta ya nazi kila usiku, na yeye akisema ni mikarafuu. Asubuhi moja alitaka kuteremka kitandani kwa ajili ya sala na miguu haikumchukua. Saratani ilikuwa imeingia katika mifupa ya uti wa mgongo na inabana mishipa ya fahamu. Tulimpandisha boti hadi Unguja, kisha Dar, akapigwa mionzi, akaanzishiwa sindano ya homoni kila miezi mitatu. Maumivu yalipungua, akaishi miaka miwili zaidi, lakini kutembea hakutembea tena. Kaka, ule mgongo ulioupitia kwa sentensi moja katika swali lako, umtajie daktari kabla ya kitu kingine chochote. Na siku mtakayomwona miguu imelegea au ganzi imepanda, msingoje kukuche.

Mstaafu wa Maabara:

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako, binti yangu. Umenipunguzia maneno, kwani nilitaka kuieleza habari ya mzee wa Mkoani kwa utafiti, na wewe umeieleza kwa watu.

Uingereza waliwachukua wanaume 1,643 wenye saratani ambayo bado imo ndani ya tezi, wengi wao ya aina ya taratibu, wakagawiwa kwa kura: wengine kupasuliwa, wengine mionzi, wengine kuangaliwa tu kwa vipimo mpaka itakapolazimu kutibiwa. Baada ya miaka 15, waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Sasa fikirini: lau kundi la kuangaliwa lingepewa maji ya kisima na kuambiwa ni dawa, mwenye kisima angehesabu watu 97 katika kila 100 ambao saratani hiyo haikuwaua. Mzee wetu wa alfajiri ni mmoja wao, na Gleason 9 hayumo katika hesabu hiyo ya salama.

Kwa uadilifu niongeze lisilosaidia upande wangu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwatazama wagonjwa wa saratani waliochagua tiba mbadala peke yake, na kwa jumla hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao waliotibiwa hospitali. Lakini kwa tezi dume peke yake tofauti haikudhihirika katika miaka waliyofuatiliwa. Sababu yake ni hiyo hiyo: ni maradhi ya mwendo wa pole, na miaka mitano haitoshi kumhukumu mtu wala mti.

Na kama PSA itashuka baada ya chupa, msishangilie kabla ya kujua kilichoishusha. Miaka ya 1990 Marekani kuliuzwa dawa ya mchanganyiko wa mimea minane, PC-SPES, iliyoishusha PSA kweli kweli. Mwaka 2002 iliondolewa sokoni kwa kuwa ndani yake iligunduliwa warfarini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, na katika baadhi ya makopo ilipatikana pia homoni ya kike ya kutengenezwa viwandani. Homoni hiyo kudhoofisha saratani ya tezi dume ni jambo lililojulikana tangu Charles Huggins alipolionesha mwaka 1941. Wanunuzi walikuwa wakitibiwa kihospitali bila ya kujua, na bila ya mtu wa kuwaangalia.

Kufunguka kwa mkojo nako, mwanangu, ni kazi ya tamsulosini. Huilegeza misuli ya njia ya mkojo ndani ya siku chache tu. Saratani, kama ipo, haina habari nayo.

Mwana wa Kangagani:

Ahsanteni nyote. Nimeyasoma haya jana usiku kwa sauti, ami akiwa amekaa mkekani na baba akijifanya amelala. Nilipofika kwa baba wa Bint na ile asubuhi ya miguu, baba aligeuka akaniambia nirudie.

Damu inapimwa tena Jumanne, wiki sita zitakuwa zimetimia, na mgongo utakuwa wa kwanza kutajwa. Kinyama amekikubali kwa sharti moja, kwamba awe daktari mwanamme na mlango ufungwe. Chupa ya tatu imesimamishwa, haijafunguliwa, na tutaichukua ndani ya kikapu hadi hospitali. Ami amempigia simu tabibu wake kuuliza ile mizizi. Miwili ameitaja. Wa tatu amesema atakuja mwenyewe Jumanne kumwambia daktari sikioni.